Nani Alimsikia Muuaji? Historia na Riwaya ya Kale ya China

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alirudishiwa mada ya kazi yake ya mwisho wa masomo. Alitaka kuandika juu ya namna maandishi ya historia yalivyojenga hadithi za kubuni za China ya kale. Pembeni mwa karatasi aliandikiwa maneno machache tu: historia ipelekwe kwa watu wa historia, fasihi ibaki huku. Aliyeyaandika simtaji, wala sina ugomvi naye. Lakini maneno yale yalinikaa kichwani, kwa sababu wasomi wa kale wa China wangeyatii, sehemu kubwa ya fasihi yao isingekuwapo. Naomba nafasi katika kurasa hizi nieleze kwa nini.

Silabusi tunazonunua kila mwaka husimulia riwaya kwa njia moja. Inazaliwa Uhispania mwaka 1605 mikononi mwa Cervantes, inakulia Uingereza na Ufaransa, kisha inatufikia sisi wengine ikiwa mtu mzima. China haimo katika safari hiyo, au imetupiwa mstari mmoja. Na sisi tunaoisoma silabusi hiyo, tukishika barabara ya Kolwezi hatumalizi saa moja bila kupishana na lori lenye maandishi ya Kichina ubavuni. Bei za simu zao tunazijua. Kitabu chao hata kimoja hatukijui, ingawa kwa Kifaransa vipo: Jacques Dars alitoa tafsiri ya riwaya ya waasi wa kinamasi, *Shuihu zhuan*, katika Pléiade mwaka 1978, na mwaka 1981 Li Tche-houa na Jacqueline Alézaïs wakatoa *Honglou meng*, ndoto ya jumba jekundu. Historia ya Sima Qian ilitafsiriwa na Édouard Chavannes tangu miaka ya 1895 hadi 1905, ingawa si yote. Mimi nilianza kwa Chavannes, na nakiri nilianza kwa sababu kilipatikana bure kwenye intaneti.

Wengi wanaozigusa riwaya hizo hutoa hukumu moja: historia ilikuwa mnyororo mguuni. Wanasema Wachina waliiheshimu mno historia hata wakachelewa kubuni, na hadithi yao ilipata uhai siku ilipojikwatua kutoka mikononi mwa wanahistoria. Mimi naona kinyume chake. Mwanahistoria ndiye aliyemfundisha msimulizi wa China kubuni, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akibuni zamani, tena bila kuona haya, katika kurasa zile zile alizoapa kusema kweli.

Nitoe mfano ulionifanya niamini hivyo. Katika *Zuo zhuan*, kitabu cha historia cha kabla ya enzi za madola makuu, mna habari za mwaka 607 K.K. Mtawala Ling wa dola ya Jin alikuwa kijana wa ovyo. Alitoza kodi nzito ili apake nakshi kuta zake. Alipanda juu ya jukwaa akawarushia watu vigololi ili aone wanavyovikwepa. Mpishi aliposhindwa kuivisha vizuri nyayo za dubu, alimuua na kuamuru maiti ipitishwe barazani ndani ya kapu. Waziri wake, Zhao Dun, alimkanya mara nyingi, mpaka mtawala akachoka kukanywa na kumtuma mtu aitwaye Chu Ni aende kumuua waziri huyo.

Chu Ni alifika alfajiri. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Zhao Dun alikwisha kuvaa mavazi yake ya baraza, na kwa kuwa kulikuwa bado mapema, amekaa, amefumba macho, anasinzia. Muuaji akarudi nyuma akisema peke yake: mtu huyu hasahau heshima ya kazi yake hata akiwa peke yake, kumuua ni kuwahini watu, na kutomuua ni kumhini aliyenituma, afadhali nife mimi. Akakipiga kichwa chake kwenye mti wa uani, akafa.

Sasa tuulize kama watoto wanavyouliza. Nani alimsikia? Waziri alikuwa amesinzia. Muuaji hakuishi hata dakika tano baada ya kusema. Shahidi hakuwapo. Ji Yun, mhariri mkuu wa ile maktaba kubwa ya mfalme Qianlong katika karne ya 18, aliuliza swali hilo hilo. Na katika karne iliyopita Qian Zhongshu, katika kitabu chake *Guanzhui bian* cha mwaka 1979, alilichukua swali hilo akalipeleka mbele: mwanahistoria alijiweka ndani ya mtu aliyekufa, akapima moyo wake, kisha akampa maneno yanayomfaa. Hayo, anasema, ndiyo mazungumzo ya riwaya na ya tamthilia yakiwa bado kwenye mbegu.

Kuna jambo lililo mbele kidogo tu katika habari za mwaka huo huo, ambalo kwangu ni zito zaidi. Mtawala Ling alijaribu tena kumuua waziri wake, waziri akakimbia, na ndugu yake wa ukoo, Zhao Chuan, akamuua mtawala. Zhao Dun aliporudi mjini alikuta mwandishi wa kumbukumbu za dola, Dong Hu, ameandika na kuonyesha barazani kwamba Zhao Dun amemuua mtawala wake. Waziri akalalamika kuwa si yeye. Dong Hu akamjibu kwamba yeye ndiye waziri mkuu, alikimbia lakini hakuvuka mpaka, na aliporudi hakumwadhibu muuaji. Kama si yeye, ni nani? Kitabu kinasema Confucius alimsifu Dong Hu kuwa mwandishi mwema wa zamani asiyeficha. Tangu hapo jina la Dong Hu likawa mfano wa mwanahistoria asiyeogopa.

Tazameni mambo hayo mawili yalivyokaa jirani. Mwaka mmoja, kitabu kimoja, mkono mmoja: hapa maneno ambayo hakuna aliyeweza kuyasikia, pale mtu aliyetukuzwa kwa kuandika kweli bila kumwogopa mkubwa. Wasomaji wa kale hawakuona kwamba moja linalitia doa lingine. Kweli ya Dong Hu yenyewe si ya askari wa upelelezi, maana aliyeshika silaha alikuwa Zhao Chuan. Ni kweli ya nani anabeba lawama. Na kweli ya aina hiyo inahitaji mandhari, inahitaji mtu azungumze na nafsi yake, inahitaji mlango ulioachwa wazi alfajiri. Hapo ndipo hadithi ilipopata mahali pa kukaa ndani ya nyumba ya historia.

Sima Qian aliipanua nyumba hiyo. Wengi wetu tumesikia habari yake: alimtetea barazani jemadari Li Ling aliyeshindwa vitani, mfalme Wu wa Han akakasirika, Sima Qian akahasiwa, akakubali kuishi na aibu hiyo ili amalize kazi yake. *Shiji* yake ina sura 130, na 70 kati ya hizo ni za wasifu wa watu. Uamuzi huo wa kuigawa historia kwa watu, badala ya kuifuata miaka peke yake, ndio uliowapa waandishi wa hadithi umbo walilolishika kwa miaka 1,800 na zaidi. Wasifu huanza kwa jina na mahali mtu alipotoka. Hutoa kisa kimoja kidogo cha ujanani kinachoonyesha tabia yake. Halafu matendo, kifo, na mwisho mwandishi anajitokeza kwa cheo chake kutoa maoni yake.

Someni karamu ya Hongmen, ya mwaka 206 K.K., katika sura ya Xiang Yu. Majemadari wawili wanaogombea nchi wanakula pamoja, na mmoja amepanga kumuua mwenzake. Sima Qian anaanza kwa kutuambia kila mtu ameketi akielekea upande gani, na kwa viti hivyo tu tunajua nani mwenye nguvu. Mshauri mzee Fan Zeng anainua kipande cha jade mara tatu kumwashiria Xiang Yu amalize kazi, na Xiang Yu hatikisiki. Kijana mmoja anasimama kucheza ngoma ya panga, na panga hilo linamtafuta mgeni. Mwingine anasimama kucheza naye ili amkinge mgeni kwa mwili wake. Kisha Fan Kuai anaingia kwa nguvu, macho yamemtoka, anapewa bega la nguruwe lisilopikwa, analiweka juu ya ngao yake, analikata kwa upanga, analila. Yote haya yalitokea miaka 60 hivi kabla mwandishi hajazaliwa. Mwalimu wetu wa nadharia ya simulizi akitaka mfano wa namna mandhari inavyojengwa kwa vitendo na vitu bila mwandishi kueleza hisia, asiende mbali.

Kuna ufundi mwingine wa Sima Qian ambao watu wa riwaya waliuiba waziwazi. Baadhi ya aibu za mtu hakuziweka katika sura ya mtu huyo. Alizipeleka kwa jirani. Liu Bang, mwanzilishi wa ufalme wa Han, alipokuwa akikimbia baada ya kushindwa, aliwasukuma watoto wake mwenyewe kutoka kwenye gari la farasi ili gari liwe jepesi. Mwendeshaji akawa anawaokota na kuwarudisha. Katika sura ya Liu Bang hamtalikuta jambo hilo. Limo katika sura ya adui yake. Msomaji anayetaka kumjua mtu lazima amtafute kwa wengine. Hiyo si tabia ya kumbukumbu za ofisini. Ni ya mtunzi anayemwamini msomaji wake.

Na katika sura ya Jing Ke, yule aliyejaribu kumuua mfalme wa Qin mwaka 227 K.K., Sima Qian anamaliza kwa kueleza alikopata habari: alizipata kwa watu waliofahamiana na Xia Wuju, mganga wa mfalme, aliyekuwapo siku hiyo na kumrushia muuaji mfuko wake wa dawa. Vile vile anakataa maajabu ambayo watu waliyaongeza. Kwa hiyo anatupa kisa cha kusisimua, kisha anatupa shahidi wake. Shikeni kitanzi hicho cha mwisho, kwa sababu kitarudi.

Sasa nipite haraka kidogo. Neno la Kichina la hadithi, *xiaoshuo*, maana yake ni maneno madogo. Ban Gu, katika orodha ya vitabu iliyomo ndani ya historia yake ya Han ya karne ya 1, aliiweka kazi ya namna hiyo mwisho wa makundi 10 ya waandishi, akasema yanayostahili kutazamwa ni tisa. Maneno hayo madogo, alisema, yalitoka kwa maofisa wadogo waliokusanya mazungumzo ya mitaani na vichochoroni. Hukumu hiyo ilikuwa dharau, ila ndani yake mlikuwa na kibali: mwandishi wa hadithi alihesabiwa kuwa ofisa wa chini katika idara ya wanahistoria. Waandishi wa baadaye walikishika kibali hicho kwa mikono miwili. Karne kwa karne wanajiita historia ya pembeni, historia ya porini, nyongeza ya mambo ambayo vitabu vya dola viliyaacha.

Mtu ninayempenda zaidi katika safu hiyo ni Gan Bao, wa karne ya 4. Kazi yake ilikuwa kuandika historia ya ufalme wa Jin (ufalme huu si ile dola ya kale ya Zhao Dun). Ofisa huyo huyo alikusanya *Soushen ji*, kitabu cha mizimu, miungu na wafu wanaorudi. Inasemekana kilichomsukuma ni kijakazi wa baba yake, aliyefungiwa kaburini akiwa hai na kukutwa hai miaka mingi baadaye kaburi lilipofunguliwa. Gan Bao hakuona kuwa amebadilisha kazi. Aliandika mizimu kama alivyoandika mawaziri: jina, mahali, mwaka, nani aliona. Msomi mmoja wa wakati wake alipokionyeshwa kitabu, alimwita Dong Hu wa mizimu. Sifa na kejeli zimekaa katika jina moja, nami kila nikilikumbuka nacheka.

Kitabu hicho kiliwekwa kwenye rafu gani? Hilo nawaomba mlitazame vizuri, kwa sababu ndilo lililomkuta mwenzetu. Katika orodha ya vitabu ya historia rasmi ya Sui, iliyokusanywa katika karne ya 7, visa vya mizimu vimo katika sehemu ya historia, pamoja na wasifu mbalimbali. Mwaka 1060 Ouyang Xiu na wenzake walipomaliza historia mpya ya Tang, waliviondoa hapo wakavipeleka kwenye *xiaoshuo*. Vitabu ni vile vile, hata neno moja halikubadilishwa. Kilichobadilika ni fikra ya mwenye rafu. Na kabla ya hapo, waliotunga historia rasmi ya Jin mwaka 648 walichota visa kutoka humo humo, hata Liu Zhiji, mhakiki mkali wa wanahistoria, akawakemea mwaka 710. Njia kati ya nyumba hizo mbili ilipitwa kwenda na kurudi.

Waandishi wa enzi ya Tang walichukua umbo la wasifu wakalijaza wanawake, mbweha na ndoto. Shen Jiji alikuwa mwandishi wa historia wa serikali. Hadithi yake ya Bibi Ren ni ya mbweha aliyegeuka mwanamke, akawa mwaminifu kuliko wanadamu wengi, akauawa na mbwa. Mwishoni Shen Jiji anatuambia kuwa mwaka 781 alikuwa safarini kwa mashua na marafiki, wakasimuliana maajabu, nao wakamwomba aiandike hadithi hiyo. Mmekitambua kitanzi? Ni mganga wa Jing Ke amerudi, shahidi anayefunga hadithi. Ila sasa ushahidi unatolewa kwa ajili ya mbweha. Msomaji anajua, mwandishi anajua kuwa msomaji anajua, na hata hivyo kiapo kinaapwa. Nafikiri hapo hadithi ya kubuni ya China ilijitambua, na ilijitambua ikiwa bado imevaa kanzu ya mwanahistoria.

Karne nyingi baadaye Pu Songling, mtu aliyeshindwa mitihani ya serikali maisha yake yote, aliandika karibu hadithi 500 za mbweha na mizimu, na nyingi akazifunga kwa maoni ya mtu aliyejiita mwanahistoria wa maajabu, akimwiga Sima Qian. Na nani alimlaumu? Ni Ji Yun yule yule. Alisema hadithi inayodai kueleza jambo lililosikiwa haiwezi kujua siri za chumbani, kwa kuwa si wahusika watakaozisema wala si mwandishi aliyeziona. Ni swali lile lile aliloliuliza chini ya mti wa Chu Ni. Pu Songling angeweza kumjibu kwamba alijifunza kwa wakubwa.

Nimefika kwenye riwaya ndefu, na hapa nitakaa. *Sanguo yanyi*, riwaya ya falme tatu, inahusishwa na Luo Guanzhong. Chapa ya zamani kabisa tuliyo nayo ni ya mwaka 1522, nayo mwanzoni mwake inatangaza kuwa habari ni za Chen Shou, mpangilio ni wa Luo. Chen Shou alikuwa mwanahistoria wa karne ya 3. Kitabu chake ni kikavu mno, hata mwaka 429 Pei Songzhi akakiongezea maelezo yaliyochotwa kwenye maandishi mengi mengine, mengine yakipingana. Hayo maelezo ndiyo ghala la riwaya. Pale Chen Shou alipotoa hukumu moja, Pei aliweka mashahidi watatu wasiokubaliana, na msimulizi akachagua aliyemfaa.

Mfano mmoja unatosha. Liu Bei alimwendea msomi kijana Zhuge Liang kijijini kumwomba awe mshauri wake. Chen Shou analimaliza jambo hilo kwa alama tano za maandishi: alikwenda mara tatu, ndipo akamwona. Basi. Riwaya, katika chapa ya sura 120 iliyohaririwa na Mao Zonggang katika karne ya 17, inazitumia alama hizo tano kujenga sehemu kubwa ya sura mbili. Kuna theluji, kuna mtoto mlangoni anayejibu kwa ukaidi, kuna wageni wanaodhaniwa kuwa ni yeye kumbe sio, kuna ndugu wa kiapo wa Liu Bei wanaokasirika, kuna mwenye nyumba amelala usingizi wa mchana na mfalme mtarajiwa amesimama akimngoja. Mara tatu ya mwanahistoria imekuwa ngazi tatu. Luo hakukanusha hata neno moja la Chen Shou. Alilifungua tu, kama mtu anavyoufungua mkeka uliokunjwa.

Mahali pengine riwaya inahamisha matendo. Katika historia, jemadari Hua Xiong aliuawa na jeshi la Sun Jian. Riwaya inampa Guan Yu sifa hiyo, naye anarudi na kichwa cha adui kabla kikombe cha pombe hakijapoa. Zhang Xuecheng, mwanahistoria wa karne ya 18, alikerwa sana. Alikadiria kuwa riwaya hiyo ni kweli kwa sehemu saba na uzushi kwa sehemu tatu, na kwamba mchanganyiko huo unawapoteza wasomaji, hata wenye elimu wakataja kiapo cha bustani ya mipichi kana kwamba kilitokea. Wapo wanaoutumia ushahidi wake kuonyesha kuwa historia na riwaya hazipikwi chungu kimoja. Mimi nauona kama malalamiko ya fundi aliyekuta mwanagenzi wake amefungua karakana ng'ambo ya barabara, na wateja ni wengi.

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Historia haikuwa mzazi pekee. Wahubiri wa Kibuddha walileta simulizi ndefu zinazochanganya nathari na ushairi. Masoko ya mji wa Kaifeng katika enzi ya Song yalikuwa na wasimulizi wa kulipwa, na mmoja anatajwa kwa jina, Huo Sijiu, kuwa bingwa wa falme tatu. Mshairi Su Shi ameandika juu ya watoto wasumbufu waliopewa hela wakasikilize, wakalia Liu Bei aliposhindwa na kushangilia Cao Cao aliposhindwa. Bila watoto hao Chen Shou angebaki kwenye masanduku ya wasomi. Lakini hata sokoni walichokitaka watu kilikuwa historia. Wasimulizi wa historia walikuwa kundi lenye jina lake.

Riwaya ya waasi inaonyesha hatua iliyofuata. Historia rasmi ya Song inamtaja Song Jiang kwa mistari michache: mkuu wa genge, watu 36, akasalimu amri mwaka 1121. Riwaya ikazaa watu 108. Namna ya kuwaleta ni ya Sima Qian, wasifu mmoja ukimkabidhi msomaji kwa wasifu unaofuata, mkono kwa mkono, mpaka wote wafike mlimani. Jin Shengtan, aliyeihariri mwaka 1641 na kuikata ibaki sura 70, aliliona hilo, kisha akasema jambo la ujasiri. Kwa maoni yake, Sima Qian alikuwa na matukio kwanza, akatafuta uandishi wa kuyabeba. Mtunzi wa riwaya ana uandishi kwanza, nao unazaa matukio. Kwa hiyo wa pili yuko huru zaidi, anaweza kukata kilichopanda na kuinua kilichoshuka. Nijuavyo mimi, hakuna nadharia ya riwaya iliyokuwapo Ulaya mwaka ule iliyolisema hilo kwa uwazi wa namna hii. Na tazameni: aliweza kulisema kwa sababu tu aliviweka vitabu hivyo viwili mezani pamoja. Angetenganisha rafu, asingeona kitu.

Gharama ilikuwapo, sikatai. Mtunzi wa riwaya alibaki ofisa mdogo wa Ban Gu, akaficha jina lake. Mpaka leo wataalamu wanabishana ni nani aliyeandika *Jin Ping Mei*. Na katika sura ya kwanza ya *Honglou meng*, Cao Xueqin analifanyia mzaha sharti la historia: mtawa analalamika kuwa kisa kilichoandikwa juu ya jiwe hakina jina la enzi wala mwaka, na jiwe linajibu kuwa kubandika enzi ya Han au Tang ni desturi iliyochoka ya waandishi wa historia za pembeni. Wengine husoma hapo tangazo la uhuru. Lakini anayebishana na mlango bado yuko mlangoni. Hata Lu Xun, aliyeandika historia ya kwanza ya kisasa ya hadithi za China, alipotunga kisa cha Ah Q mwaka 1921 alianza na mwandishi anayehangaika hajui wasifu wa kibarua asiye na ukoo wala jina la uhakika auweke katika aina ipi kati ya aina za wanahistoria. Kicheko kinatoka hapo, na uchungu pia. Msomaji asiyejua *Shiji* anaziruka kurasa hizo akidhani ni maneno mengi bure.

Nirudi kwenye rafu zetu. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha hapa Lubumbashi historia ya mji wa Elisabethville kama walivyoijua watumishi wa nyumba za Wazungu. Johannes Fabian aliitoa mwaka 1990. Wanahistoria wanakagua tarehe zake, wanaisimu wanakagua sarufi yake. Sijaona bado mtu wa idara yetu aliyeisoma kwa kuuliza Yav anajengaje mandhari, anampa nani maneno, nani alimsikia. Mwenzetu aliyerudishiwa mada alikuwa amelitaja swali hilo katika ukurasa wake wa mwisho, kama jambo la kufanya baadaye.

Amepewa mpaka mwisho wa mwezi alete mada nyingine. Nawaomba walimu waisome ile ya kwanza tena kabla ya siku hiyo. Karamu ya Hongmen imo katika juzuu ya pili ya Chavannes, na kisa cha Chu Ni kimo katika tafsiri ya Couvreur ya mwaka 1914. Nimepiga fotokopi za vyote viwili, kurasa hazizidi 20, nimeziacha kwa msimamizi wa maktaba.